SOMO LA MAJI: NANI ANATUMIA MAJI, NA KWA KAZI GANI?

Asubuhi ukifika kwenye robine unakuta foleni ya madumu, au bidoni kama wengi wetu tunavyosema, yamepangwa tangu alfajiri. Mama mmoja anataka maji ya kupika uji wa watoto. Kijana mmoja anataka maji ya kufyatua matofali. Mzee ana bustani ya lengalenga inayokauka. Mwenye mgahawa amekuja na madumu 8. Kila mmoja anaona kwamba kazi yake ni ya lazima, na kweli kila mmoja ana sababu yake. Lakini maji ya tangi ni yale yale, na saa ya kufunga bomba haibadiliki. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Ugomvi wa namna hii si wa kambini peke yake. Miji, wakulima, viwanda na hata mataifa hushindania maji kwa njia hiyo hiyo. Katika somo hili tutaona jinsi maji yanavyotumika katika kazi mbalimbali na katika nchi mbalimbali. Halafu tutarudi kwenye robine yetu na kupiga hesabu. Chukua kalamu na karatasi, maana hesabu yenyewe ni rahisi.

1. MAJI MENGI SI LAZIMA YAWE MAJI YA KUTUMIA

Dunia imejaa maji, lakini karibu asilimia 97 ni maji ya chumvi ya bahari. Katika maji yasiyo na chumvi, sehemu kubwa ni barafu ya nchi za baridi kali, na sehemu nyingine iko ndani ya ardhi. Maji ya mito na maziwa tunayoyaona kwa macho ni kidogo sana yakilinganishwa na hayo yote.

Sisi watu wa Maziwa Makuu tumebahatika. Ziwa Tanganyika, linalogawanywa na Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, peke yake lina karibu sehemu 1 ya 6 ya maji yote yasiyo na chumvi yaliyo juu ya ardhi duniani, ukiacha barafu. Hata hivyo kipindupindu hurudi mara kwa mara katika mji wa Uvira, ulio kando ya ziwa hilo hilo. Sababu ni kwamba maji ya ziwa hayajawa bado maji ya kunywa. Yanahitaji kuvutwa kwa mashine, kusafishwa, kupitishwa katika mabomba na kugawanywa. Kazi hiyo ina gharama, na ndiyo maana maji ya robine yana kipimo.

2. KAZI TATU ZINAZOCHUKUA MAJI

Wataalamu hugawa matumizi ya maji katika mafungu matatu:

- Kilimo: kumwagilia mashamba na kunywesha mifugo.
- Viwanda: kutengeneza bidhaa, kuchimba madini na kupoza mitambo ya umeme.
- Nyumbani na mijini: kunywa, kupika, kuoga, kufua, pamoja na shule, hospitali na masoko.

Ukihesabu dunia nzima, kilimo kinachukua karibu asilimia 70 ya maji yote ambayo watu huyateka katika mito, maziwa na visima. Viwanda vinachukua kidogo chini ya asilimia 20. Matumizi ya nyumbani na mijini ni kama asilimia 12 tu. Kwa maneno mengine, maji ya kunywa na kuoga, ambayo ndiyo tunayoyafikiria kwanza, ni fungu dogo kuliko yote.

Angalia jambo moja: hesabu hii haichanganyi mvua inayonyesha moja kwa moja shambani. Inahesabu tu maji ambayo watu wameyateka kwa mfereji, kwa mashine au kwa ndoo. Hilo litatusaidia kuelewa kwa nini nchi hazifanani.

3. NCHI HAZIFANANI

Misri: Mvua karibu hakuna. Mkulima hutegemea mto Naili, na kilimo kinachukua kama asilimia 80 ya maji.

Pakistani: Mashamba ya ngano, mpunga, pamba na miwa humwagiliwa kwa mifereji ya mto Indus. Kilimo kinachukua zaidi ya asilimia 90.

Tanzania: Kwa hesabu za mwaka 2002, kilimo kilichukua karibu asilimia 89, nyumba na miji asilimia 10, na viwanda chini ya asilimia 1.

Uganda: Kilimo kinachukua chini ya nusu. Si kwamba Waganda hawalimi. Wanalima sana, ila ndizi, mihogo na maharage yao yananyeshewa na mvua.

Kongo (Jamhuri ya Kidemokrasia): Kwa hesabu za mwaka 2005, nyumba na miji ilichukua karibu asilimia 68, viwanda na migodi asilimia 21, na kilimo asilimia 11 tu. Sababu ni ile ile: mvua ndiyo inayomwagilia.

Ujerumani: Mvua inatosha mashamba, kwa hiyo umwagiliaji unachukua chini ya asilimia 5. Sehemu kubwa inakwenda viwandani na kupoza mitambo ya umeme.

Marekani: Mwaka 2015, asilimia 41 ya maji yaliyotekwa yalipoza mitambo ya umeme, asilimia 37 yalimwagilia mashamba, na asilimia 12 yalipelekwa katika mabomba ya miji na vijiji.

Kwa hiyo ukitaka kujua nchi inatumiaje maji, uliza maswali mawili: Je, mvua inatosha mashamba yake? Je, ina viwanda vingi? Majibu ya maswali hayo yatakueleza mengi.

4. MAJI YANAYORUDI NA MAJI YASIYORUDI

Kuteka maji na kuyamaliza ni mambo mawili tofauti. Maji yanayozungusha mitambo ya bwawa la Inga, kwenye mto Kongo, yanatoa umeme kisha yanaendelea na safari yake kwenda baharini. Mtambo wa umeme unaopozwa kwa maji ya mto nao hurudisha sehemu kubwa ya maji hayo mtoni, ingawa yamekuwa ya moto. Lakini maji yanayomwagwa shambani hunyonywa na mimea au hukauka kwa jua na kwenda angani. Mtu wa chini ya mto hayaoni tena.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha kesi kubwa kati ya mataifa. Mwaka 1959 Misri na Sudani zilifanya mkataba wa kugawana maji ya Naili: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, na Sudani bilioni 18.5. Nchi za juu ya mto hazikuwamo katika mkataba huo, ingawa sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri hutoka katika milima ya Ethiopia. Mwaka 2011 Ethiopia ilianza kujenga bwawa kubwa la umeme kwenye Naili ya Buluu. Ethiopia ilisema kwamba umeme haumalizi maji. Misri ilihofia kwamba wakati wa kulijaza bwawa, na wakati wa miaka ya ukame, mashamba yake yangepungukiwa. Mazungumzo yakachukua miaka mingi. Unaona kwamba hata marais na mawaziri wanakaa kwenye foleni ya maji.

5. MAJI YALIYOMO NDANI YA CHAKULA

Kuna maji mengine tunayoyatumia bila kuyaona. Kilo 1 ya mahindi huhitaji wastani wa lita 1,200 za maji ili kukua, mengi yakiwa ya mvua. Kilo 1 ya mchele huhitaji karibu lita 2,500. Kilo 1 ya nyama ya ng'ombe hufika lita 15,000, kwa sababu tunahesabu majani na nafaka zote alizokula ng'ombe huyo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) limekadiria kwamba chakula cha mtu mmoja kwa siku moja huhitaji kati ya lita 2,000 na lita 5,000.

Piga hesabu. Ukinywa, kupika na kuoga kwa lita 20 kwa siku, kwa mwezi ni lita 600. Hiyo ni sawa na maji yaliyokuza nusu kilo ya mahindi. Ukibeba kilo 10 za mahindi kutoka mahali pa posho, ni kama umebeba lita 12,000 za mvua ya mahali pengine. Ndiyo sababu nchi kavu hununua nafaka kutoka nje: ni rahisi zaidi kusafirisha mahindi kuliko kusafirisha maji ya kuyakuzia. Na ndiyo sababu kambi isiyo na ardhi ya kutosha wala mto wa karibu haiwezi kujilisha kwa maji ya robine, hata watu wake wawe wakulima hodari namna gani.

6. NCHI TAJIRI YA MAJI, NYUMBA ISIYO NA MAJI

Kongo inapata mita za ujazo bilioni 1,283 za maji kila mwaka, na mita 1 ya ujazo ni lita 1,000. Hakuna nchi nyingine ya Afrika inayofikia kiasi hicho. Ukigawa kwa watu wote, kila Mkongo ana fungu kubwa mara nyingi kuliko Mmisri. Lakini kwa hesabu za UNICEF na WHO za mwaka 2022, ni karibu theluthi moja tu ya watu wa Kongo waliokuwa na huduma ya msingi ya maji ya kunywa. Wengine waliteka kwenye mito, chemchemi zisizolindwa, au walitembea mbali. Misri, yenye maji machache, inafikisha maji ya bomba kwa watu wake karibu wote.

Tofauti ipo pia katika nyumba. Mmarekani hutumia karibu lita 300 kwa siku nyumbani kwake. Mjerumani hutumia kama lita 125. Choo cha zamani cha kuvuta humwaga lita 13 kwa mara moja, yaani karibu maji ya siku nzima ya mtu mmoja wa kambini. Kwa wakimbizi, kipimo ambacho UNHCR inakilenga ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yalianza kuviandaa mwaka 1997, vinasema yasipungue lita 15.

Kwa nini viwango hivyo viliwekwa? Wazee wetu wanakumbuka Goma, Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu katika siku chache. Ziwa Kivu lilikuwa mbele yao, limejaa. Lakini katika wiki ya kwanza maji yaliyosafishwa yalikuwa wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku, chini ya glasi moja. Ardhi ilikuwa mwamba wa volkeno, vyoo havikuchimbika. Kipindupindu na kuhara damu vilienea, na katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Kwa hiyo tunaposema maji ya nyumbani kwanza, tunasema habari ya kufa na kupona.

7. KAMBI YETU NAYO NI KAMA NCHI

Kambi ina mafungu yale yale. Ina kilimo: bustani, mbuzi, ng'ombe. Ina viwanda: matofali, mgahawa, pombe, saluni. Ina nyumba, shule na kituo cha afya. Vipimo vinavyotumika katika kupanga maji ni hivi:

- Mwanafunzi shuleni: lita 3 kwa siku.
- Mgonjwa anayetibiwa na kurudi nyumbani: lita 5.
- Mgonjwa aliyelazwa: lita 40 hadi 60 kwa siku.
- Mgonjwa wa kipindupindu: lita 60 kwa siku.
- Ng'ombe: lita 30 kwa siku.
- Mbuzi au kondoo: lita 5 kwa siku.

Bustani wakati wa kiangazi hunywa kama lita 5 kwa kila mita 1 ya mraba kwa siku. Bustani ya mita 4 kwa mita 5 ni mita 20 za mraba, basi inahitaji lita 100. Hayo ni maji ya watu 5 kwa kipimo cha lita 20.

Sasa tuangalie robine moja. Robine inayotoa lita 7.5 kwa dakika hujaza dumu la lita 20 kwa dakika 2 na sekunde 40. Ikifunguliwa saa 8 kwa siku, bila kusimama hata kidogo, hutoa lita 3,600, yaani madumu 180. Ukigawa kwa lita 15, zinatosha watu 240. Hakuna ziada.

Tuseme watu 240 wanategemea robine hiyo. Asubuhi ya leo mfyatua matofali amechukua madumu 10. Wenye bustani wawili wamechukua madumu 5 kila mmoja. Mwenye mgahawa amechukua 8. Jumla ni madumu 28, sawa na lita 560, na robine imeshughulika nao kwa saa 1 na robo. Ukisema kwa wastani, kila mtu sasa atapata chini ya lita 13. Lakini wastani unadanganya. Waliotangulia wamejaza yote waliyotaka. Upungufu unawaangukia walio mwisho wa foleni: bibi mzee, mama mjamzito, mtu mwenye ulemavu, mtoto anayeishi na wadogo zake tu. Lita 560 ni maji ya siku ya watu 37.

8. TUFANYE NINI?

Hatusemi bustani ifungwe au matofali yakatazwe. Posho ikipungua, mboga za bustani ndizo zinazomlisha mtoto. Nyumba haijengwi bila matofali, na mgahawa unasomesha watoto wa mtu. Tunasema kila kazi ipewe zamu yake na chanzo chake.

a) Nyumba, kituo cha afya na shule kwanza. Kamati ya maji ya kila robine ipange saa. Saa za asubuhi ziwe za nyumba peke yake. Mwenye kazi nyingine ateke baada ya kila nyumba kupata.

b) Matofali yafuate mvua. Yafyatuliwe wakati maji ya mvua yapo, au karibu na kijito, baada ya kupatana na wenyeji. Kijito hicho ndicho robine yao. Shimo la udongo lifukiwe kazi ikiisha, lisije likazaa mbu.

c) Bustani inywe maji ya pili. Maji ya kuoshea mboga, vyombo na ya kusuuzia nguo yanafaa bustani. Usitumie maji yaliyofuliwa nguo za mgonjwa au nepi za mtoto. Mwagilia jioni, funika udongo kwa majani makavu, na utumie bustani ya gunia ambayo huhitaji maji kidogo.

d) Kinga mvua. Paa la mabati la mita 20 za mraba, ikinyesha mvua ya milimita 10, hupokea lita 200. Hata zikipotea baadhi, unaweza kupata madumu 8. Acha maji ya kwanza yaoshe vumbi la paa, ndipo ukinge. Yatumie kufulia na bustanini.

e) Ripoti robine inayovuja. Robine inayopoteza lita 1 kwa kila dakika 5 hupoteza lita 288 kwa siku, madumu zaidi ya 14. Mwambie mlinzi wa robine siku hiyo hiyo.

f) Wanawake wawe nusu ya kamati au zaidi, kwa kuwa wao na binti zao ndio wanaoteka. Kamati iwe na orodha ya wasioweza kusimama kwenye foleni, na iwachagulie mtu wa kuwatekea bila malipo.

g) Andikeni katika daftari: madumu mangapi yametoka, ya nyumba ni mangapi, ya kazi ni mangapi. Mkienda kuomba robine nyingine mkiwa na daftari la mwezi mmoja, mtasikilizwa kuliko mkienda na malalamiko matupu.

9. MASWALI YA KUJADILI

Kaeni watu 8 au 10, mkijibu pamoja:

1) Nyumbani kwako mko watu wangapi? Jana mliteka madumu mangapi? Zidisha kwa 20, kisha gawa kwa idadi ya watu. Je, kila mmoja alipata lita 15?

2) Kwa nini kilimo cha Misri kinachukua maji mengi ya mto, na kilimo cha Kongo kinachukua kidogo?

3) Katika bloki yenu, ni kazi zipi zinazotumia maji ya robine? Ni ipi inayoweza kupata maji mahali pengine?

4) Jana, nani alikuwa wa mwisho kwenye foleni? Je, alijaza dumu lake?

Swali la nne lijibiwe kwa kumtaja mtu, si kwa kubahatisha. Kama hamjui, kesho mmoja wenu abaki kwenye robine mpaka ifungwe, aone.

Tafadhali usitupe karatasi hii. Msomee kwa sauti jirani asiyejua kusoma, kisha mpe mwingine.